Jina Alilokwenda Nalo Boni Vitani

Siku redio ilipotangaza vita, mimi na Boni tulikuwa shambani tunabomoa ntumba. Kwa asiyetoka Ufipa, nieleze. Mvua zikielekea kwisha, sisi hugeuza majani kwa jembe na kuyafukia ndani ya tuta la mviringo, kimo cha goti, yakae humo miezi yote ya baridi mpaka yaoze. Matuta hayo ndiyo ntumba. Mvua mpya zikikaribia tunayabomoa, tunasambaza udongo wake mweusi na kupanda ulezi. Ni kazi ya kuvunja mgongo. Boni aliiweza kuliko mimi, na baba yangu hakuchoka kulisema hilo mbele za watu.

"Mtazameni Mfipa yule," alisema asubuhi ile, akimwonyesha Boni kwa kidevu. "Huyu wangu aliyezaliwa hapa Kasense, kazi yake kuegemea mpini."

Boni alicheka. Hakuwa Mfipa. Alizaliwa Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Baba yake, Kalunga, aliuawa katika mapigano ya kule, na mama yake akavuka naye kwa mtumbwi mpaka Kirando, kisha wakapanda milima kwa miguu hadi huku juu. Alikuwa na miaka tisa hivi, umri wangu. Walifika Kasense na sufuria moja na jembe lisilo na mpini. Baba aliwapa kibanda kilichokuwa cha mbuzi, halafu akalitia jembe lao mpini.

Kwetu, mgeni akilima nawe msimu mzima, tangu kufukia majani mpaka kula ulezi wake, si mgeni tena. Ni mtu wa nyumba ile. Hakuna sherehe wala karatasi, watu huanza tu kumtaja hivyo. Ndivyo Boni alivyokuwa mtoto wa Pankrasi, yaani baba yangu, na hakuna aliyekumbuka ni siku gani. Mama yake tulimwita Mama Boni. Alijifunza Kifipa, akajifunza kusalimu kwa kuinama na kupiga makofi polepole kama wanawake wetu, na kanisani alikaa benchi moja na mama yangu. Tulipopangwa katika kijiji cha ujamaa, nyumba zikafuata mstari, baba alikuwa balozi wa nyumba kumi. Alihakikisha nyumba ya Mama Boni inaingia katika kumi zake.

Serikali ilikuwa na utaratibu wake. Mwaka mmoja kabla ya vita askari walipita kandokando ya ziwa, wakakusanya Wakongo na kuwapeleka kwenye makazi ya wakimbizi, ndani kabisa ya misitu ya Mpanda. Huku juu, uwandani kwetu, hawakupanda. Lakini Boni alipoomba kiwanja cha kujenga, mwenyekiti wa kijiji alimjibu kwamba kwanza ijulikane yeye ni wa wapi. Tangu siku hiyo Mama Boni alikuwa akisikia gari tu, anaacha alichoshika na kusimama mlangoni.

Niseme na hili. Bibi yangu mzaa baba alikuwa Mmambwe wa upande ambao leo ni Zambia. Wazungu walipochora mpaka walipita katikati ya ukoo wake, ndugu zake wakaamka ni wa Mwingereza na yeye, aliyekwisha kuvukia huku, ni wa Mjerumani. Hakuna aliyewahi kumwuliza baba yangu yeye ni wa wapi. Bibi alivuka kwa miguu, mapema, na bila kufuatwa na vita. Hiyo ndiyo tofauti pekee niliyoweza kuiona kati yake na Mama Boni, na nimeitafuta sana nyingine.

Basi siku ile mtu alikuja mbio kutoka dukani, akatuambia adui ameingia Kagera na wanatakiwa vijana wa mgambo. Boni aliliweka jembe chini.

"Mimi nakwenda," akasema.

"Unakwenda wapi? Wewe wanakuita mkimbizi."

"Ndiyo maana nakwenda. Nikirudi na nguo za jeshi, nani atamgusa mama?"

Nilikwenda kwa sababu yeye alikwenda. Wengine wana sababu nzuri zaidi za kusimulia.

Kwenye ofisi ya kata walikuwapo mshauri wa mgambo na karani wake. Raia wa nje hawakuandikishwa, hilo lilitangazwa mapema kabisa. Zamu ya Boni ilipofika, karani aliuliza jina, akajibiwa Bonifasi. Akauliza jina la baba. Boni aligeuka nyuma. Baba yangu alikuwa amesimama ukutani, kofia mkononi.

"Pankrasi," alisema baba. "Wote wawili wangu."

Karani alituangalia. Mimi mrefu mwembamba, Boni mfupi mwenye mabega mapana.

"Mbona hawafanani, mzee?"

"Mmoja kafuata baba, mwingine kafuata kazi."

Ofisi nzima ilicheka, na karani akaandika. Hakuna kati yetu aliyeona kwamba uongo umesemwa. Jioni baba alimweleza Mama Boni, naye akainama na kupiga makofi ya kushukuru. Nilimwona kwa macho yangu, alikuwa na furaha.

Tulipanda lori mpaka Mpanda, treni mpaka Mwanza, meli mpaka Bukoba. Mafunzo yalikuwa ya wiki chache. Halafu tukavuka mto Kagera na kuingia katika vijiji ambavyo adui alikuwa amevipitia.

Migomba ilikuwa imesimama vizuri tu. Nyumba zilikuwa zimechomwa. Katika ua mmoja tulimkuta mwanamke amelala kifudifudi kando ya kinu, mchi bado mkononi. Boni alitoa kanga iliyoanikwa kwenye kamba, akamfunika. Jioni, tukichimba handaki, aliniambia, "Kongo ilikuwa hivi hivi, Deo," akaendelea kuchimba.

Mpaka wenyewe ulinishangaza. Nilitegemea ukuta, au mto, au hata waya. Kulikuwa na nguzo ya saruji kwenye majani. Mzee mmoja wa pale, aliyerudi kutafuta ng'ombe wake, alituambia kwamba Wajerumani na Waingereza walipiga mstari kwenye ramani, shamba lake likabaki huku, la kaka yake likabaki kule. Boni alisimama, mguu mmoja Tanzania na mguu mmoja Uganda.

"Niulize sasa kwetu wapi," akasema.

Sajenti alimfokea aondoke hapo kabla hajapigwa risasi. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka.

Huko mbele, siku moja ya mvua, tumekaa handakini maji yamefika kwenye vifundo vya miguu, aliniambia jambo ambalo nimeishi nalo mpaka leo.

"Deo, nikifa, mwambie karani jina la baba yangu. Kalunga. Mama asije akapotea."

"Hufi wewe."

"Sikukuuliza kama nitakufa."

Nikamwambia nimesikia. Na kweli nilikuwa nimesikia.

Ilikuwa asubuhi, ukungu umetanda juu ya mafunjo. Barabara ilipita katikati ya bwawa, tuta jembamba, maji kushoto na kulia. Kombania yetu iliwekwa mbele. Hapakuwa na mahali pa kuchimba wala pa kukimbilia.

Walianza wao.

Bomu la kwanza lilianguka majini. La pili pia. Tulilala chini, nikanusa lami.

Lori lililokuwa mbele yetu liliwaka moto.

La tatu lilitua barabarani.

Nilipofumbua macho nilikuwa bwawani, maji kifuani, sisikii kitu. Boni alikuwa juu ya tuta. Alikuwa amekaa kitako, anatazama tumbo lake.

Nilipanda, nikamshika chini ya makwapa, nikamburuta. Midomo yake ilikuwa inatembea. Alikuwa ananiambia kitu, na masikio yangu yalikuwa yameziba. Sijui alisema nini. Nimejaribu maneno mengi kwenye ile midomo na hakuna linalokaa.

Alikufa kabla hatujafika kwenye mafunjo.

Mchana, adui aliporudishwa nyuma, sajenti alipita na daftari akiandika waliokufa. Alinionyesha Boni. Sikio moja lilikuwa limeanza kusikia.

"Huyu ni wa kwenu? Jina kamili."

Nilikuwa na jina la Kalunga mdomoni. Nikafikiri: nikilitaja, ataniuliza kwa nini kwenye orodha yupo kwa jina jingine. Watasema Mkongo aliingia jeshini kwa hila. Watamfuta. Baba yangu atafungwa kwa kudanganya, na Boni atazikwa mbali na wenzake. Nikafikiri pia kwamba ni heri azikwe Mtanzania. Hayo yote nayakumbuka, na ninakumbuka nilikuwa nimechoka na nilitaka yule sajenti aondoke.

"Bonifasi Pankrasi," nikasema.

"Ndugu yako?"

"Ndiyo."

Alinipa pole, akaandika.

Nilirudi Kasense mwaka uliofuata, na sikio la kushoto halisikii mpaka leo. Taarifa ya kifo ilikuwa imenitangulia. Mama yangu ndiye aliyenisimulia siku wakubwa walipokuja na gari kutoka mjini, wakaleta barua, blanketi na kanga mbili kwa mama wa marehemu. Mkeka ulitandikwa. Mama yangu alikataa kuukalia.

"Mwenye mtoto yupo," alimwambia baba kwa Kifipa. "Mwite akae."

Baba alimshika mkono, akamkalisha. Alikuwa balozi, alikuwa ameweka jina lake mbele ya serikali, na wageni walikuwa wanangoja. Mama Boni alikuwa jikoni na wanawake wengine wanasonga ugali wa matanga ya mwanawe. Barua iliposomwa alitoka, akaanguka uani, akalia kwa lugha ya kwao ambayo hatukuwa tumeisikia kwake kwa miaka mingi. Mkubwa mmoja akauliza huyu ni nani.

"Jirani," alisema baba. "Alimlea sana."

Wageni walipoondoka, mama yangu alizipeleka zile kanga na blanketi kwa Mama Boni. Alipokea kanga. Blanketi alilirudisha, akasema mama yangu naye asipate baridi. Hawakugombana. Ningependa niseme waligombana, ingekuwa nyepesi kidogo kuisimulia.

Haikupita miezi mingi, msako ukapanda uwandani. Ulianzia Chala, ukaja upande wetu. Askari walikuwa na orodha ya Wakongo waliokuwa wakiishi vijijini bila kibali, na Mama Boni alikuwamo. Alipewa siku tatu ajiandae kwenda kwenye makazi ya Mpanda. Aliwaambia mwanawe wa pekee amekufa kwa ajili ya nchi hii. Wakamwomba karatasi. Karatasi ilikuwa nyumbani kwetu na ilisema mama wa marehemu ni mke wa Pankrasi.

Siku ya pili mimi na baba tulikwenda mjini Sumbawanga. Baba alivaa koti lake la kanisani. Ofisa aliyetupokea alikuwa kijana mwenye adabu, aliyehamia kutoka Mbeya, alimwamkia baba shikamoo na kumvutia kiti. Baba akasema yote: kibanda cha mbuzi, matuta, ofisi ya kata. Ofisa alisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee wangu," akasema, "kwa hiyo uliidanganya serikali."

"Sikudanganya. Alikuwa wa nyumba yangu."

"Ulimzaa?"

"Sikumzaa."

"Basi nikiandika unavyotaka, nitaandika kwamba marehemu alikuwa mgeni aliyeingia jeshini kwa jina la bandia. Atatolewa kwenye orodha ya mashujaa. Wewe utashtakiwa. Na huyu kijana wako aliyethibitisha jina kule vitani, naye pia. Na yule mama bado atakuwa Mkongo. Mama wa Mkongo."

Nilimchukia yule kijana. Lakini nikilitafuta neno lake moja la uongo silipati, na hilo ndilo linaloniuma. Alituambia turudi kesho yake na jibu, yeye asingeandika kitu mpaka hapo.

Tulirudi kwa miguu, baba mbele, mimi nyuma. Tulipofika, baba hakuingia kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Boni, akapiga magoti mlangoni. Sikuwahi kumwona akimpigia mtu magoti isipokuwa padri. Akamweleza alivyoambiwa.

"Mimi niko tayari," akasema. "Nitasema kesho. Wanifunge."

Mama Boni alimtazama. Kisha akanigeukia mimi.

"Deo, pale alipolazwa kuna jina?"

"Kuna kibao, Mama. Jina lake na namba."

"Na wenzake wako pembeni?"

"Wako pembeni."

"Wakimutoa kwenye orodha, kile kibao watakitoa?"

Sikujua. Nilimwambia labda.

"Basi muache," akasema. "Mutoto abaki mule mlimomwandika. Mimi nishatembea zamani, naweza kutembea tena."

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimwambia Boni alitaka nitaje jina la Kalunga, na mimi sikulitaja. Nilitegemea anitukane, anipige, chochote. Alinyoosha mkono, akaniondolea unyasi uliokuwa begani mwangu.

"Ungelitaja, wangemutupa," akasema. Sijui kama aliamini hivyo au alinionea huruma. Vyovyote, niliumia.

Kesho yake baba hakwenda mjini. Lori lilikuja siku ya tatu mchana, watu wako mashambani. Mama yangu alimfungia mahindi na maharage. Mama Boni alipanda mwenyewe, akakataa kushikwa mkono, akakaa kwenye mzigo wake akitazama nyuma. Vumbi likamfunika. Baba aliingia ndani, akafunga mlango.

Ubalozi aliuacha mwaka ule ule. Aliendelea kulima, aliendelea kuwapa wapita njia chakula, lakini sikumsikia tena akimwita mtu yeyote wa nyumba yake. Kila siku ya mashujaa kata ilileta mtu kumwita mama yangu akae kiti cha mbele. Alikwenda kila mwaka mpaka alipokufa. Nilimwuliza mara moja kwa nini anakwenda, akasema asipokaa yeye kiti kitakaa kitupu.

Mimi nilichelewa kwenda Mpanda. Niseme ukweli, niliogopa. Nilioa, nikahamia Chanji, mjini, nikafungua duka, na kila mwaka nilikuwa na kisingizio. Nilipokwenda nilikuwa na mvi, baba na mama wamekwisha kufa, hakuna aliyebaki wa kufungwa ila mimi. Joto la kule, kwa mtu wa Ufipa, ni adhabu. Niliuliza Mama Boni anakaa wapi. Niliuliza nyumba baada ya nyumba. Hakuna aliyemjua mtu wa jina hilo. Mwishowe nilitaja jina lake la kuzaliwa, Feza, na kwamba alitoka upande wa Sumbawanga.

Mama mmoja mtu mzima alilijua. Alikuwa jirani yake kwa miaka yote. Alinipeleka mpaka ukingoni mwa makazi, kwenye makaburi, akanionyesha msalaba wa mti uliokwisha kuliwa na mchwa upande mmoja. Aliniambia Feza alikuwa mtu mpole, mlimaji kweli. Alipoandikishwa, karani alimwuliza watoto, akasema hana. Walipomuuguza, walimwuliza tena kama kuna mtu wa kuitwa. Akasema hakuzaa.

Nikamwambia yule mama kwamba Feza alizaa. Alikuwa na mtoto wa kiume aliyeitwa Bonifasi Kalunga, tulikua pamoja, alikufa vitani Uganda akiwa askari wa Tanzania, mikononi mwangu. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina lile lote mbele ya mtu mwingine.

Alinisikiliza vizuri. Akautazama msalaba, akanitazama mimi, akanishika mkono kwa upole kama mtu anayemwonyesha mgeni njia.

"Pole, baba," akasema. "Basi siye huyu. Umekosea kaburi."

Nilimshukuru. Basi la mwisho lilikuwa linaondoka saa nane.